Pazia Jekundu la Gari la Vitabu

Baba alikuwa na chumba kimoja kwenye kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, Tororo. Likizo ya mwezi wa nane ilipofika, miaka michache baada ya Uhuru, alituma ujumbe nyumbani kwamba nikakae naye. Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amefariki zamani, nami nililelewa kijijini, mwendo mfupi ukipita Masafu, na nyanya mzaa baba. Sisi Wasamia nyanya tunamwita kukhu, na kukhu wangu alikuwa mkunga. Watu wengi wa senta yetu ya biashara walitua mikononi mwake kabla hawajatua ardhini.

Baba alitoka alfajiri na kurudi jioni, nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi la saruji. Hakutaka nibaki peke yangu kambini. Siku ya pili aliomba ruhusa kazini, akanipeleka mjini mpaka kwenye jengo la matofali lenye veranda pana, akaniambia kwamba hapo ndipo maktaba, na kwamba likizo hiyo watoto wanakaribishwa kusoma vitabu na kufundishwa mambo ya mikono.

“Utanisubiri hapa hapa mpaka nitoke kazini,” alisema. “Usiguse kitu ambacho hujaambiwa uguse. Na usilie.”

Sikulia. Kabla ya Uhuru barabara ile ilikuwa ya Wazungu na Wahindi. Mtu wa kwetu aliipita bila kusimama. Ndani watoto kama kumi na watano walikuwa wameketi kwenye meza ndefu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akisema. Sikuwahi kuona watoto wengi hivyo wakinyamaza bila kuchapwa. Juu yao feni ilizunguka taratibu, ikitoa mlio mdogo kila ilipomaliza duara.

Aliyesimamia maktaba alikuwa mwanamke mrefu, mweusi kama sisi, mwenye miwani na viatu vya kisigino. Watoto walimwita Mwalimu ingawa hakuwa mwalimu wa shule. Aliniuliza jina langu, jina la baba na jina la kijiji chetu. Aliniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kila nilichojibu alikiandika kwenye kadi. Kisha akaitia ile kadi kwenye kisanduku kirefu cha mbao, akakifunga.

Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Siku zile, pande zote mbili za mpaka, watu walikuwa wakinong’ona habari za wazimamoto. Si wale wanaozima nyumba zinazoungua. Wazimamoto waliosemwa walikuwa watu wa kukodiwa, wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu kwenye nyumba zilizofungwa, kisha kuipeleka kusikojulikana kwa gari lisilo na madirisha. Nilikua nikilishwa habari hizo pamoja na uji. Binamu yangu, binti wa baba mdogo, tuliyelala naye kwenye mkeka mmoja kwa kukhu, alizijua zaidi yangu. Alisema wazimamoto hawaji na panga. Wanakuja na karatasi. Mtu mpole sana anakuuliza jina na kwenu ni wapi, anaandika, anaondoka. Wengine ndio wanaokuja kukuchukua.

Nyuma ya maktaba, kwenye kivuli cha ukuta, lilikuwa limesimama gari kubwa la kijivu. Upande huu halikuwa na dirisha. Nikazunguka nikijifanya naenda chooni, na upande ule pia halikuwa na dirisha.

Wiki ya kwanza nilikaa karibu na mlango. Lakini vitabu vilikuwa na nguvu zao. Vingi vilikuwa vya Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya kijijini, ila vilikuwa na picha, na vichache vya Kiswahili niliviweza. Kila mtoto alikuwa na garimoshi lake ukutani, lililokatwa kwa karatasi. Ukimaliza kitabu unamweleza Mwalimu habari iliyomo, na ukieleza vizuri unakata behewa, unaandika jina la kitabu, unalibandika nyuma ya injini yako. Kufikia Ijumaa nilikuwa na mabehewa mawili. Nilianza kusahau kukaa karibu na mlango.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, Mwalimu alinituma kwenye chumba cha nyuma nimletee mkasi. Yeye alikuwa uani, na sauti yake ilitokea dirishani. “Uko juu ya kabati,” alisema. Nikasukuma mlango.

Sakafuni kulikuwa na karai kubwa, limejaa kitu chekundu, chekundu kizito, na juu yake povu lilikuwa likielea. Matone yalitoka pale karaini yakafuatana mpaka mlango wa uani. Nikainua macho. Mwalimu alikuwa amesimama uani karibu na lile gari la kijivu, mlango wa nyuma wa gari ukiwa wazi. Alikuwa amekunja mikono ya blauzi, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni.

“Umeuona?” aliniuliza.

Alimaanisha mkasi. Nilirudi kinyumenyume hadi nikagonga meza, nikatoka mlango wa mbele, nikakimbia mpaka kwenye lango la kiwanda, nikajibanza pale mpaka baba alipotoka. Nilimwambia naumwa tumbo. Sikuthubutu kumwambia zaidi. Niliwaza kwamba baba ndiye aliyenipeleka, baba ndiye aliyewapa jina langu, na wazo moja baya likanijia, kwamba labda baba anajua.

Jumamosi tulipanda basi kwenda nyumbani kumwona kukhu. Jioni ile, tukiwa tunapukuchua mahindi nyuma ya ghala, nilimweleza binamu yangu yote. Sikuongeza neno. Nilimweleza kadi, gari, karai na mikono. Aliacha kupukuchua.

“Ilikuwa inanuka?”

“Sikungoja kunusa.”

“Umewahi kunywa kitu pale?”

“Maji.”

“Usinywe tena,” alisema. “Wanakutilia dawa, unalegea.” Kisha akauliza, “Umemwambia nani?”

“Wewe peke yako.”

Aliapa hatamwambia mtu. Nadhani alikusudia kweli. Lakini kulipokucha alikwenda kisimani, na kisimani kulikuwa na watu.

Jumatatu baba alinirudisha maktaba. Nilijaribu kukataa. Nilishika nguzo ya veranda, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alinibandua vidole kimoja kimoja bila hasira. “Ni vitabu tu,” aliniambia. “Vitabu haviumi.” Wiki hiyo sikunywa maji kutwa nzima, ingawa jua lilikuwa kali. Mwalimu alipopita nyuma ya kiti changu shingo ilinisisimka. Nilisoma ukurasa mmoja mara kumi. Mara moja aliweka mkono wake begani kwangu kuniuliza kama nimepona tumbo, na niliona rangi nyekundu imebaki kwenye kingo za kucha zake. Nikasema nimepona. Mkojo mdogo ulinitoka, nikakalia gauni langu likiwa na unyevu mpaka jioni.

Jumamosi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya michezo ya kuigiza. Meza zilisogezwa, na mbele yetu likafunuliwa pazia refu jekundu, lenye tundu katikati kama dirisha. Vikaragosi vya vitambaa vikatokea hapo dirishani: sungura, fisi, na mwanamke mwenye mtungi. Mwalimu ndiye aliyekuwa nyuma akivichezesha, na sauti ile ya kuongea na mgonjwa ilikuwa imebadilika kabisa. Fisi wake alikuwa na sauti nene ya kukoroma, nasi tulicheka mpaka wengine wakaanguka kutoka kwenye mabenchi. Mchezo ulipokwisha alituita tushike pazia.

“Ni kitambaa cha marekani cha kawaida,” alisema. “Nilinunua rangi kwa Mhindi, nikakichovya kwenye karai. Angalieni mikono yangu, mpaka leo haijatakata.”

Nililishika lile pazia kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja. Lilinuka rangi na sabuni. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nilikunywa maji vikombe vitatu.

Kabla hatujaondoka Mwalimu alitangaza kwamba gari la vitabu sasa litaanza kwenda vijijini, na kwamba wiki itakayofuata, siku ya soko, litafika upande wa Masafu. Aliuliza nani anatoka huko. Nikanyoosha mkono.

“Basi wewe utakuwa mwenyeji wangu,” alisema. “Utanisaidia kutandaza pazia. Wakikuona wewe, watoto wa huko hawataogopa.”

Nikasema sawa.

Nilirudi kijijini Jumapili, baba akiwa ameniruhusu kukaa huko mpaka siku ya soko, nikiwa na nia ya kumwambia binamu yangu ukweli. Lakini nilipofika njia panda, watoto zaidi ya ishirini walikuwa wakiningoja. Wakubwa wa darasa la saba, ambao hawakuwahi kunisalimia, walinipisha njia. Habari ilikuwa imekua nikiwa mbali. Sasa chini ya sakafu ya maktaba kulikuwa na shimo. Sasa watoto watatu wa Osukuru walikuwa wameingia wasitoke. Na mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na kuponyoka. Msichana mmoja alinigusa kifundo cha mkono akauliza, “Ni hapa alipokushika?”

Nilitazama kifundo changu. Ningesema hapana. Neno hilo ni fupi, na halikuhitaji ujasiri mwingi. Lakini wote walikuwa wakinitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa, mimi mtoto wa mama marehemu, niliyevaa gauni lililoshonwa kutokana na kanga kuukuu. “Hapa,” nikasema. “Alinibana sana.”

Usiku nilikumbuka kwamba siku ya soko ni Alhamisi. Tangu hapo sikula vizuri. Nilimwomba Mungu aharibu barabara. Nilimwomba anyeshe mvua, gari likwame kwenye tope mbali huko. Mara mbili nilimfuata kukhu jikoni nimweleze, na mara mbili aliponiuliza ninataka nini, nilisema nataka maji. Nilijua angenipeleka nyumba kwa nyumba nikaseme kwa mdomo wangu kwamba nilidanganya. Niliogopa hilo kuliko nilivyoogopa gari.

Mvua haikunyesha. Alhamisi, jua likiwa juu ya vichwa, mimi na binamu yangu tulikuwa tumekaa na kukhu sokoni, mbele ya ghala la pamba, tukiuza karanga. Nilisikia injini kabla sijaona vumbi. Gari la kijivu likateremka polepole, likasimama mahali pa wazi, hatua kama hamsini kutoka tulipokaa. Dereva akashuka, mtu mfupi kutoka upande wa Buganda, akaenda nyuma kufungua milango. Mwalimu akashuka na viatu vyake vya kisigino, akatazama huku na huku. Nilijua ananitafuta mimi. Nikainama nyuma ya gunia.

Alingoja kidogo. Kisha yeye na dereva wakatandaza pazia wenyewe kwenye milango ya nyuma ya gari. Likaanguka mpaka chini, jekundu, katikati ya soko lililojaa vumbi.

Kwanza wanawake waliokuwa wakipima mihogo waliacha kupima. Kisha mwanamume mmoja, sikumwona ni nani, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ndio hao.” Na soko zima likasimama.

Sijui watu walikusanyika namna gani kwa haraka hivyo. Wenye majembe walikuja na majembe. Dereva aliinua mikono akasema, “Sisi naleta kitabu tu, ndugu zangu, kitabu ya watoto,” na mtu akamsukuma. Akaanguka, akainuka, akakimbilia kwenye duka la karibu, na mwenye duka akamfungia ndani. Mwalimu alibaki peke yake. Alisema kwa Kiswahili kwamba anatoka maktaba ya Tororo. Hakuna aliyemsikiliza. Ndipo akaacha Kiswahili, akaanza kusema Kisamia, Kisamia safi cha ng’ambo ya mpaka, akitaja kwao na ukoo wa baba yake. Sikuwahi kujua kwamba ni mtu wetu. Nilidhani hilo litamwokoa.

“Mmesikia?” alisema mzee mmoja. “Wanamtuma mtu wa lugha yetu. Ndivyo wanavyofanya.”

Nikaelewa kwamba hakuna neno litakalomsaidia. Kila alichosema kilimfunga zaidi.

Binamu yangu alisimama akanishika mkono. Hakufanya kwa ubaya. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya hofu. “Huyu hapa,” akapaza sauti. “Huyu ndiye aliyeponyoka.” Watu wakageuka. Wakapasua njia, na mikono isiyokuwa na idadi ikanisukuma mbele, mpaka nikasimama mbele ya Mwalimu, karibu kiasi cha kuona jasho juu ya mdomo wake.

Aliponiona uso wake ulifunguka. “Mwenyeji wangu,” alisema. “Waambie.”

Yule mzee akainama kwangu. “Sema, mtoto. Ndiye huyu?”

Nilitazama miguu ya watu. Niliona jembe lenye udongo mbichi, niliona chupa ya mafuta ya taa mkononi mwa kijana mmoja. Nilifikiri kwamba nikisema nilidanganya, watanigeukia mimi.

“Ndiye huyu aliyekushika?”

Nikaitikia kwa kichwa.

Nimeishi na kitendo hicho maisha yangu yote. Kilikuwa kidogo sana, kidevu kushuka na kupanda. Mwalimu alinitazama tu, kisha jiwe la kwanza likapiga kioo cha mbele cha gari, na la pili likampata yeye kwenye paji la uso. Aliingia chini ya pazia, akapanda ndani ya gari, nikasikia vitabu vikiporomoka.

Mtu alinivuta nyuma. Alikuwa kukhu. Alinipigisha magoti pale pale vumbini, akanishika mashavu kwa mikono yake miwili migumu.

“Nitazame mimi,” alisema. “Usiwatazame hao. Uliona nini kwa macho yako?”

“Karai, kukhu.”

“Ndani ya karai.”

Sauti yangu ilitoka kama ya paka mdogo. “Rangi. Ya pazia. Nilidhani ni damu, lakini ilikuwa rangi. Hakunishika.”

Hakunipiga. Hakuuliza kwa nini. Aliniachia, akainuka kwa shida kwa sababu magoti yake yalikuwa mabovu, akajipenyeza katikati ya wale wanaume akiwataja mmoja mmoja kwa majina ya utotoni, majina ambayo watu wazima hawapendi kuyasikia hadharani. Alipofika kwenye gari alishika upindo wa lile pazia, akaunusa, akautia mdomoni akautafuna. Kelele zikapungua kidogo, kwa mshangao tu. Akaligeukia soko.

“Wanawake,” alisema, “mimi nawauliza ninyi, hawa wanaume hawajui kitu. Nani hapa hajafua damu?”

Wanawake wakatazamana.

“Damu ikilala siku moja kwenye nguo inakuwa na rangi gani?”

Mwanamke mmoja muuza samaki alisema chini chini, “Inakuwa kama kutu.”

“Na baada ya wiki?”

“Nyeusi.”

“Nguo hii ina wiki ngapi? Mjukuu wangu aliiona mapema mwezi huu. Njooni mshike. Nimetoa watoto wenu wote, nimefua vitambaa vyenu vyote. Kama hii ni damu, mimi si mkunga. Ni rangi ya dukani.” Kisha akasema, bila kunionyesha kidole, “Mtoto alitishika, na sisi wakubwa tukamfuata.”

Muuza samaki ndiye aliyetangulia. Alishika pazia, akalisugua kwa kidole chenye mate, akalinusa. Akarudi kwenye samaki wake. Wa pili akaja, na wa tatu. Wanaume wengi hawakusogea, na yule mzee alisema kwamba hata rangi inaweza kuficha damu. Lakini wanawake walikuwa wanarudi kwenye biashara zao, na wakati mwingine kundi likitolewa watu kumi linakuwa si lile tena. Kijana mwenye chupa ya mafuta aliishusha akaiweka kando ya mguu wake, kama mtu aliyetumwa dukani.

Kukhu hakungoja waamue. Alifungua mlango wa mbele wa gari akapanda, akanivuta nami juu ya mapaja yake, akamwita dereva kwa sauti. Dereva alitoka dukani akakimbilia usukani. “Endesha,” kukhu alimwambia. “Wakitupiga, watanipiga mimi.” Tuliondoka pazia likiburura vumbi nyuma yetu, upepo ukituingia usoni kwa sababu kioo hakikuwepo. Mawe mawili yaligonga bati. Nilihesabu mpaka mia mbili kabla sijathubutu kupumua vizuri.

Tulipovuka Masafu kukhu aliamuru gari lisimame, akaniteremsha, akanipeleka nyuma. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni kati ya vitabu vilivyomwagika, miwani imevunjika, ameshika leso kwenye paji la uso. Leso ilikuwa imeanza kukauka pembeni, na pale ilipokauka ilikuwa kahawia.

“Mama,” kukhu alimwambia kwa Kisamia, “mtoto huyu ndiye. Maneno yote yalitoka kwake. Nimekuletea.”

Nilitegemea anipige, na nadhani nilitaka anipige. Mwalimu alishusha leso.

“Ulijua,” alisema. “Jumamosi ulilishika pazia kwa mkono wako.”

“Nilijua.”

“Sasa kwa nini uliitikia?”

“Niliogopa.”

“Hata mimi niliogopa,” alisema. Kukhu alimfunga kichwa kwa kitambaa chake, nami nikaambiwa nipange vitabu kwenye rafu zake mpaka Tororo. Nilivipanga, na kila gari lilipoyumba vilianguka tena.

Baba aliposikia alikaa kitandani, akavua viatu vya kazi, akavitazama. Aliniambia neno moja tu, kwamba likizo ijayo nitarudi maktaba kama kawaida. Ilikuwa adhabu kali kuliko fimbo.

Nilirudi. Mwalimu alikuwapo, ana kovu dogo juu ya nyusi na miwani mipya. Alinipa kitabu, akakipokea nilipokimaliza, akanisikiliza nikieleza, akanipa karatasi ya behewa. Hakunitesa. Lakini hakuweka tena mkono wake begani kwangu. Siku moja nilimuuliza gari litakwenda lini tena upande wetu. Alijibu bila kuinua kichwa, “Dereva amekataa, na wakubwa wamekubaliana naye. Kichwa changu kimepona. Watoto wa kwenu ndio hawatapata vitabu.” Mwaka uliofuata alihamishwa, sikujua wapi. Sikuwahi kumwomba msamaha kwa maneno. Kila siku nilisema kesho.

Kijijini watu waligawanyika. Walioshika pazia walisema rangi. Waliobaki nyuma walisema kukhu alilipwa, na wawili watatu waliacha kumwita wake zao walipojifungua. Yeye hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Alisema tu kwamba sasa haamshwi usiku, anapata usingizi.

Binamu yangu aliolewa Iyolwa. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikapangiwa shule hapo hapo Tororo. Binamu yangu alipopata binti, na binti akafika miaka tisa, alimleta kwangu likizo ya mwezi wa nane. Alinipa nguo za mtoto kwenye mfuko, akanieleza chakula anachokipenda, kisha akanivuta pembeni.

“Mpeleke kanisani, mpeleke sokoni, popote,” alisema. “Pale kwenye vitabu usimpeleke.”

“Unajua ilikuwa rangi,” nilimwambia.

“Najua ulisema ilikuwa rangi. Kabla ya hapo ulisema ilikuwa damu. Na ulipoulizwa mbele ya watu wote, uliitikia. Mimi nilikuwa nimekushika mkono.”

Nilichukua ule mfuko wa nguo, nikauingiza ndani.

Mtoto alikaa kwangu wiki tatu. Nilimnunulia daftari na penseli za rangi, nikamsomea nyumbani. Kila tulipokwenda sokoni ilibidi tupite barabara ile, na kila tulipokaribia lile jengo la matofali alikaza vidole vyake mkononi mwangu, akanivuta tuvuke upande wa pili. Nami nikavuka naye.